Sheikh Abdul-Hamid bin Badis, Mwalimu wa Qusantina



Mwaka 1940 ulikuwa mwaka wa vita, na mauti yalipita katika majumba makubwa na madogo. Mwezi wa Juni alikufa London Marcus Garvey, aliyewahimiza watu weusi wa Marekani na visiwa vya karibu yake wasiione haya asili yao. Mwezi wa Julai aliuawa Damascus Dakta Abdul-Rahman Shahbandar, mmoja katika viongozi wa Shamu. Mwezi wa Agosti aliuawa Mexico Trotsky, aliyekuwa mwenziwe Lenin katika mapinduzi ya Urusi. Mwezi wa Novemba akafa Chamberlain, miezi sita tu tangu kuondoka katika kiti cha Waziri Mkuu wa Uingereza. Lakini kabla yao wote, jioni ya Jumanne tarehe 16 Aprili, mwezi 8 Mfunguo Sita 1359, alifariki mwanachuoni mmoja wa Aljeria, naye umri wake ni miaka hamsini tu. Siku hizo macho ya walimwengu yalikuwa yameelekea Norway, ambako Wajerumani walikuwa wameingia wiki moja kabla yake. Mwanachuoni huyo ni Sheikh Abdul-Hamid bin Badis, rahimahullah, na yeye ndiye tunayetaka kumsimulia leo.

Sababu ya kumchagua ni suali tuliloulizwa katika darsa yetu, nalo ni hili: je, mwanachuoni aweza kula mshahara wa serikali na ulimi wake ukabaki huru? Tulijibu siku ile kwa yaliyomo vitabuni, tukataja waliokataa ukadhi na waliokubali, na kila mmoja na hoja yake. Lakini tuliona katika nyuso za vijana kwamba jibu halikuwatosha, kwani vitabu husema juu ya watu wa zamani sana, na kijana ataka kuona mtu aliyeishi katika zama za magazeti na posta na polisi. Basi huyu hapa mtu huyo.

Alizaliwa Desemba 1889 katika mji wa Constantine, ambao Waarabu huuita Qusantina. Ni mji uliojengwa juu ya mwamba, na bonde la mto limeuzunguka kwa kina kirefu hata mgeni akitazama chini huona kizunguzungu. Wafaransa waliuteka mwaka 1837, miaka saba baada ya kuingia Algiers. Nyumba ya Bin Badis ilikuwa nyumba kubwa ya kale. Nasaba yao ni ya Kiberiberi, ya kabila la Sanhaja, nao hujihesabu katika kizazi cha Al-Muizz bin Badis, mfalme wa Qayrawan katika karne ya kumi na moja, yule aliyekata uhusiano na Mafatimi wa Misri akawarudisha watu wake katika Sunna. Babu yake alikuwa kadhi. Baba yake, Muhammad al-Mustafa, alikuwa mtu wa cheo mbele ya Wafaransa, mwenye kiti katika mabaraza yao na nishani kifuani.

Jambo hili twataka msomaji alishike tangu mwanzo, kwa sababu wako wadhanio kwamba mtu husimama mbele ya watawala kwa kuwa hana cha kupoteza. Huyu alikuwa nacho. Lau angetaka, mlango wa cheo ulikuwa wazi, na mwenye kuufungua ni baba yake mzazi.

Hakupelekwa katika skuli za Wafaransa. Alihifadhi Qurani, akaimaliza naye ni kijana wa miaka kumi na mitatu, akawasalisha watu tarawehe. Kisha tangu mwaka 1903 akasoma kwa Sheikh Hamdan al-Wannisi, na hapa ndipo ulipofungwa mkataba uliomwandama umri wake wote. Mwalimu huyu aliiona akili ya mwanafunzi wake, akaijua pia nyumba aliyotoka, akachelea kwamba elimu atakayompa itakuja kuwa ngazi ya kupandia katika ofisi za serikali. Basi akamwahidisha kwamba hatakaribia kazi ya serikali wala hataifanya elimu yake kuwa chambo chake. Mwaka 1908 Sheikh al-Wannisi akahama akaenda kukaa Madina. Mwanafunzi alibaki na ahadi.

Ili tufahamu uzito wa ahadi hiyo yatupasa tujue hali ya misikiti ya Aljeria. Wafaransa walipoingia walizishika mali za wakfu, zile zilizokuwa zikiwalisha maimamu, walimu na wanafunzi. Baada ya hapo imamu na mufti wakawa watu wa mshahara, huteuliwa na serikali na kuondolewa na serikali. Mwaka 1905 Ufaransa kwao walitoa sheria ya kutenga dini na dola, kanisa likaachiliwa mambo yake. Aljeria sheria hiyo haikutekelezwa kwa Uislamu. Na miongoni mwa maajabu ya zama hizo ni kwamba maulamaa wa islahi ndio waliokuwa wakidai sheria ya makafiri itekelezwe, na serikali iliyoitunga ndiyo iliyokuwa ikikataa.

Mwaka huo wa 1908 Abdul-Hamid akasafiri kwenda Tunis, akaingia chuo cha Zaytuna. Alipofika huko, kwa ushahidi wake mwenyewe alioutoa baadaye, alijitenga na walimu wawili, Sheikh Muhammad al-Nakhli na Sheikh Muhammad al-Tahir bin Ashur, kwa kuwa alisikia wakisemwa kuwa ni wafuasi wa fikra mpya za Sheikh Muhammad Abduh. Hata alipowakaribia akaona kwamba yale aliyosikia yalikuwa maneno ya wavivu wa kufikiri. Sheikh al-Nakhli ndiye aliyemfungua. Mwanafunzi alimlalamikia kwamba wafasiri wa Qurani wanahitalifiana sana na wanaingiza katika tafsiri mambo ambayo moyo hauyakubali. Mwalimu akamwelekeza aviache vitabu hivyo vipite katika akili yake kama nafaka ipitavyo katika chekecheke, kilicho kibovu kianguke na kizima kibaki. Alisema baadaye kwamba maneno hayo machache yalimfungulia upeo usiokuwa na mwisho. Nasi twauliza: ni wangapi katika mitaa yetu wanaomkimbia mwanachuoni kwa kusikia tu barazani kwamba ana mambo mapya, wala hawajawahi kukaa mbele yake hata darsa moja?

Alipata shahada yake mwaka 1911, akasomesha kidogo hapo hapo, kisha akarudi kwao. Mwaka 1913 alikwenda kuhiji, na Madina akakutana tena na mwalimu wake al-Wannisi. Mwalimu akamtaka abaki, asirudi katika nchi iliyotawaliwa. Lakini alikuwako huko mwanachuoni wa Kihindi, Sheikh Husayn Ahmad, naye akamshauri arudi kwao aitumikie dini kwa kadiri ya uwezo wake. Mashauri mawili, yote ya watu wema. La kwanza lilikuwa na utamu wa kukaa jirani na Mtume, sala na salamu zimshukie, na la pili lilikuwa na taabu. Akalichukua la pili.

Na huko Madina alikutana na kijana mwenzake wa Aljeria, Muhammad al-Bashir al-Ibrahimi. Kwa muda wa miezi mitatu walikuwa wakiisha kusali isha huenda nyumbani kwa al-Ibrahimi, wakazungumza hata milango ya Msikiti inapofunguliwa kwa sala ya alfajiri. Walichokizungumza ni nini kifanywe Aljeria. Al-Ibrahimi alisema baadaye kwamba jumuiya iliyokuja kuundwa mwaka 1931 msingi wake ulitiwa katika nyusiku zile za 1913. Miaka kumi na minane kati ya mazungumzo na jumuiya! Siku hizi watu hukutana jioni moja, wakachagua mwenyekiti na katibu na mtunza hazina, na kabla ya mwaka kwisha hakuna akumbukaye jina la chama chao.

Aliporudi Qusantina alianza kusomesha katika Msikiti Mkuu. Mufti wa mji hakupendezwa. Imepokewa kwamba taa zilizimwa darsa likiendelea, na mwisho akazuiliwa kabisa. Hapo baba yake akaingia kati, akamwombea ruhusa ya serikali asomeshe katika Msikiti wa Kijani, nao ni msikiti mwengine wa mji huo. Hatutaki kulificha jambo hili, kwani mwenye kuandika maisha ya mtu akaficha lisiloafiki hoja yake, huyo ameandika kitu chengine. Naam, mtu aliyeahidi kutoikaribia serikali alipata mahali pa kusomesha kwa jaha ya baba aliyekuwa karibu nayo. Lakini mshahara hakuupokea, wala cheo. Ruhusa ya kusomesha si fadhila ya serikali. Ni haki aliyokuwa amenyimwa, akarudishiwa.

Basi katika msikiti huo akaanza kazi ambayo hakuiacha hata kufa kwake. Husomesha baada ya sala ya alfajiri, akaendelea mchana kutwa, makundi kwa makundi, hata baada ya isha. Mchana ni zamu ya wanafunzi na watoto, usiku ni zamu ya watu wazima, wenye maduka na mafundi na wachukuzi, kwani mtu wa kazi hana saa nyengine. Wanafunzi walimjia kutoka pembe zote za nchi, na wengi walikuwa maskini, hata ikabidi kutafutwa njia ya kuwalisha na kuwalaza. Yeye mwenyewe alikula kidogo na kulala kidogo, na mtoto mmoja wa kiume aliyeruzukiwa alifariki katika ujana wake. Wote waliokuwa wakikaa mbele yake wakawa ndio watoto wake.

Darsa kubwa lilikuwa la tafsiri ya Qurani. Aliianza tangu mwanzo, aya baada ya aya, akaihitimisha mwaka 1938, baada ya miaka ishirini na mitano. Siku ya khitima wajumbe walikuja Qusantina kutoka kila upande. Naye aliposimama kusema, alianza kwa kumshukuru baba yake aliyemlea na kumtosheleza mahitaji yake ili asome, kisha walimu wake, kisha ndugu zake waliomsaidia katika kazi. Ajabu ni kwamba tafsiri hiyo hakuiandika. Tutarudi kulisema hilo mwishoni.

Baada ya miaka kumi na miwili ya kusomesha tu, aliona kwamba sauti ya msikitini haifiki mbali, akaingia katika magazeti. Mwaka 1925 alipata mtambo wa kupigia chapa, akatoa gazeti lililoitwa Al-Muntaqid, yaani Mkosoaji. Jina peke yake lilikuwa vita, kwani watu walikuwa wamezoea kuambiwa waamini na wasikosoe. Serikali ililifunga baada ya matoleo kumi na manane. Mwaka huo huo akatoa jengine, Al-Shihab, yaani Kimondo, likaendelea miaka kumi na minne, kwanza kila wiki, kisha tangu 1929 kila mwezi. Kule kwetu Mombasa, katika zama hizo hizo, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa ametoa Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932. Msomaji akiziweka kurasa za huyu na za yule pamoja ataona ugonjwa ni mmoja na dawa ni moja, ingawa baina ya Mombasa na Qusantina kuna jangwa zima.

Na ugonjwa huo ni upi? Ni watu kuiacha Qurani ikawa ya kusomewa maiti na kuandikwa hirizi. Ni baadhi ya mashekhe wa tarika kujifanya milango ya peponi, wakala mali ya mkulima maskini kwa jina la baraka. Na ni vijana waliosoma kizungu kuidharau dini kwa sababu dini waliyoiona ni hiyo tu. Mwaka 1922 aliandika risala ya kumjibu sheikh mmoja wa tarika katika mji wa Mostaganem, ambaye katika shairi lake alimwambia Mtume maneno yasiyokuwa na adabu. Tarika hiyo huitwa Alawiyya, na hapa yatupasa kutanabahisha, maana katika pwani yetu jina hilo lina watu wengine. Hii ya Mostaganem ilianzishwa katika karne ya ishirini, nayo si njia ya masharifu wa Hadhramaut tuwajuao sisi. Mtu asichukue maneno ya Aljeria akayatupa Lamu.

Mwezi wa Desemba 1926, usiku, alipokuwa akirudi nyumbani kutoka katika darsa, mtu mmoja alimvamia njiani akampiga fimbo ya kichwa, na alikuwa na kisu. Bin Badis, naye ni mtu mwembamba, alimshika asimwachie, na watu wakatoka wakamkamata. Ilisemwa kwamba mtu huyo ni mfuasi wa tarika ile. Sisi hatusemi kwamba mkubwa wao alimtuma. Hayo yako kwa Mwenyezi Mungu. Tusemalo ni kwamba aliyepigwa alimsamehe aliyempiga. Mahakama haikumsamehe, ikamfunga. Na baada ya hapo Bin Badis hakuliacha darsa la usiku, wala hakupunguza ukali wa kalamu yake, wala hakuuongeza.

Na tena twataka kulitaja jambo ambalo baadhi ya ndugu zetu wa islahi hawalijui au hawapendi kulisikia. Mtu huyu aliyekuwa mkali kwa bidaa alikuwa akiadhimisha usiku wa kuzaliwa Mtume. Huwakusanya watu na wanafunzi, akawasomea sira na kuwahimiza. Shairi lake mashuhuri kuliko yote, ambalo ndani yake aliwatangazia watu wa Aljeria kuwa ni Waislamu na asili yao ni ya Uarabuni, alilisoma katika mkutano wa maulidi mwaka 1937, na watoto wa Aljeria wamelihifadhi vizazi kwa vizazi. Hatulisemi hili kwa kumaliza ugomvi wa maulidi, kwani ugomvi huo ni mzee kuliko sisi. Twalisema kwa kuwa tumeona misikiti ikigawanyika na ndugu wakikatana salamu kwa jambo ambalo mwanachuoni wa Qusantina aliligeuza kuwa darsa.

Mwaka 1930 Wafaransa walifanya sherehe za kutimiza miaka mia moja tangu waingie Aljeria, wakadhani mambo yamekwisha. Mwaka huo huo Bin Badis na wenzake walianzisha mjini mwao jumuiya ya malezi na mafunzo. Katika kanuni zake mtoto wa kiume hulipa ada akiweza. Mtoto wa kike husomeshwa bure, awe tajiri awe maskini. Kila tulipoisoma kanuni hii tulistaajabu. Alijua kwamba baba bahili atatafuta udhuru wa kumweka binti yake nyumbani, akamwondolea udhuru wa kwanza.

Tarehe 5 Mei 1931 maulamaa wa Aljeria walikutana Algiers, wakaunda Jumuiya ya Maulamaa Waislamu wa Aljeria. Bin Badis hakuwako siku ya kwanza, wakamchagua kuwa raisi naye hayuko, na al-Ibrahimi akawa makamu wake. Mwanzoni waliingia humo watu wa islahi na watu wa tarika pamoja. Umoja huo haukudumu ila mwaka mmoja. Mwaka 1933 serikali ikawakataza watu wa islahi kuwaidhi katika misikiti iliyo chini yake. Jumuiya ikatoa gazeti, likafungwa. Ikatoa la pili, likafungwa. Ikatoa la tatu, nalo likafungwa, yote haya katika muda wa mwaka mmoja au chini yake. Mwishoni mwa 1935 ikatoa la nne, Al-Basair.

Sasa twafika katika siasa, na hapa watu wamehitalifiana juu yake. Mwaka 1936 Ferhat Abbas, aliyekuja baadaye kuwa mmoja katika viongozi wa ukombozi, aliandika kwamba ameutafuta umma wa Aljeria katika tarikh asiuone. Bin Badis alimjibu katika Al-Shihab kwamba wao nao wameitafuta tarikh wakauona umma huo upo, una dini yake na lugha yake, wala si Ufaransa wala hautaki kuwa Ufaransa. Hata hivyo mwezi wa Juni mwaka huo alishiriki katika Kongamano la Waislamu la Algiers, na mwezi wa Julai akenda Paris katika ujumbe wa kumwona Waziri Mkuu Léon Blum, kutaka Waislamu wapewe haki za raia bila ya kuacha sheria yao. Kwani tangu mwaka 1865 Mwislamu wa Aljeria hakuwa akipata uraia ila kwa kuiacha sheria ya Kiislamu katika ndoa na mirathi. Wako waliomlaumu kwa safari hiyo, wakasema vipi mtu akanushe kuwa Mfaransa kisha aende kugonga mlango wa Wafaransa. Sisi twaona kwamba lawama hiyo ina sehemu ya haki. Walirudi mikono mitupu, na mswada uliotarajiwa, ambao ungewapa uraia Waislamu elfu ishirini na kitu tu, haukujadiliwa hata bungeni. Imepokewa kwamba huko Paris Waziri wa Vita, Daladier, aliwakumbusha kuwa Ufaransa ina mizinga mirefu, naye Bin Badis akamjibu kwamba Aljeria inao mzinga mrefu zaidi, nao ni Mwenyezi Mungu.

Safari ile ilimfunza. Baada yake maneno yake yalikuwa makavu zaidi. Mwanzoni mwa 1938 alitoa fatwa kwamba mwenye kuchukua uraia wa Kifaransa kwa kuikataa sheria ya Kiislamu ametoka katika Uislamu. Mwezi wa Machi serikali ikatoa amri ya kuwaadhibu wanaofungua madrasa na kusomesha bila ya kibali, na vibali haikuvitoa. Walimu wakapelekwa mahakamani kwa kosa la kusomesha Qurani na Kiarabu.

Kisha ukaja mtihani wenyewe. Mwezi wa Septemba 1938 Ulaya ilikuwa ukingoni mwa vita kwa sababu ya Czechoslovakia. Vyama vingi vya Aljeria, na watu wa tarika, na watu wa vyeo, walikuwa wakipeleka telegramu Paris kuonyesha utiifu wao kwa Ufaransa. Jumuiya ya Maulamaa nayo ikatakiwa ipeleke. Msomaji azingatie: ni karatasi moja, maneno machache, wala hakuna aliyetakiwa kuacha sala wala funga. Na mwenye kushauri ipelekwe hakuwa mnafiki. Alikuwa Sheikh al-Tayyib al-Uqbi, mhubiri mkubwa wa Algiers, ambaye mwaka 1936 alitiwa gerezani kwa kusingiziwa kumuua mufti. Hoja yake ni kwamba madrasa ziko hatarini, na maneno mawili matatu ya adabu yaweza kuziokoa. Hoja hiyo si ndogo, nasi tumeisikia katika pwani hii mara nyingi, kutoka katika vinywa vya watu tunaowaheshimu.

Wakapiga kura. Wanne walitaka ipelekwe, kumi na wawili walikataa. Imepokewa kwamba Bin Badis alisema lau wengi wangekubali, wasingemwona tena katika kiti cha uraisi. Al-Uqbi akajitoa katika uongozi, na urafiki wa miaka mingi ukapasuka. Telegramu haikupelekwa. Mwaka mmoja baadaye vita vilipoanza kweli, Al-Shihab na Al-Basair zote mbili zilinyamaza. Waliona ni bora gazeti life kuliko lichapwe maneno wanayoyataka watawala.

Hapa twarudi kwenye suali la vijana wetu. Sheikh Al-Amin tuliyemtaja alikubali ukadhi, na tangu 1937 hata kufa kwake mwaka 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya chini ya Waingereza. Je, tuseme kwamba amepungukiwa mbele ya Bin Badis? Hatusemi hivyo, wala hatumruhusu mtu aseme kwa jina letu. Pwani yetu kadhi alikuwa akihukumu kwa sheria ya Kiislamu katika ndoa na talaka na mirathi, na kiti hicho kikikaliwa na jahili waliodhulumika ni wajane na mayatima. Sheikh Al-Amin alikaa katika kiti na kalamu hakuiweka chini. Lakini twasema pia kwamba mwenye kukaa hapo hujiwekea deni, na hajui siku gani atadaiwa, wala kwa maneno gani. Pengine ni kwa karatasi moja tu ya maneno machache. Al-Wannisi alilijua hilo tangu mwanafunzi wake hajaota ndevu.

Mwanzoni mwa Aprili 1940 serikali ilimkamata al-Ibrahimi, ikampeleka Aflou, kijiji cha mbali kilichoko milimani kuelekea jangwani. Bin Badis alikuwa mgonjwa na amechoka, lakini aliendelea kusomesha hata siku chache kabla ya kufa. Maulidi yalikuwa yamebaki siku nne. Maiti yake ilichukuliwa na wanafunzi wake, na maelfu wakaifuata hata makaburini mwa jamaa zake, ilhali nchi iko katika hali ya vita na polisi wanatazama. Wenzake wakamchagua al-Ibrahimi kuwa raisi baada yake, naye yuko kifungoni Aflou, na huko alikaa karibu miaka mitatu. Miezi miwili baada ya maziko, Ufaransa ile iliyotaka telegramu ilikuwa imetia saini karatasi ya kushindwa mbele ya Wajerumani. Aljeria ilipata uhuru wake mwaka 1962, na tarehe 16 Aprili huko ni Siku ya Elimu.

Tumebakisha habari ya tafsiri. Ile ya miaka ishirini na mitano, aliyoitoa usiku baada ya usiku kwa wenye maduka na wachukuzi, haikuandikwa. Rafiki zake walimsihi aiandike, na al-Ibrahimi alisikitika sana kwamba ilipotea. Kilichobaki ni zile aya alizokuwa akizisherehesha katika kurasa za mwanzo za Al-Shihab, zikakusanywa baada ya kufa kwake zikawa kitabu, nacho tunacho katika kabati la darsa, na mwenye kutaka kukisoma aje Alhamisi baada ya magharibi. Yaliyobakia alikwenda nayo kila aliyeyasikia, nyumbani kwake na dukani kwake.